Mizani ya Mwenza

Hapa Amu watu hupita mlangoni kwangu
kuagiza beti kama waagizavyo mahamri:
tano za harusi, mbili za kumkomoa jirani.
Uchaguzi ulipoingia nikapandisha bei.

Shekuwe alitaka ugavana.
Akaja na bahasha, akaniambia,
"Nisifu mimi. Mwenzangu mbandike pembeni."
Mwenzake, Bwanaheri wa Faza,
alikuwa amebaki nje, ameshika miavuli miwili.
Nikahesabu kwa vidole. Bwa-na-he-ri: nne.
Nikasema, huyu kaumbwa kwa shairi.

*Shekuwe na Bwanaheri, ukwapi pamwe utao,*
*Wamepangwa kwa fahari, mizani zi sawa zao,*
*Maji tamu ja sukari, hadi vijijini kwao,*
*Kituoni kwa dhamiri, wapeni, kura ni zao.*

Siku ya tisa, huko Kizingitini,
Bwanaheri aliombwa aseme machache. Akasema mengi,
likiwemo la kwamba yeye angempigia yule mwingine
"lau si huku kuletwa leo."
Kesho yake picha zake zikabanduliwa ukutani,
ikabaki gundi yenye umbo la kofia.

Wakasema, tutafute wa bara, tusawazishe.
Nao wana mizani yao: Amu huku, Mpeketoni kule,
kilo kwa kilo kama buchani.
Akaletwa Ngui, muuza mbolea,
mtu mpole, jina fupi kama kikohozi.
*Shekuwe na Ngui*: mizani sita! Shairi likachechemea.
Na vina je? Nilikesha. Nikapata chui, buibui, sijui,
na neno la nne ambalo halipandishwi jukwaani.
Pengo la mizani nikaliziba kwa ualimu:
*Shekuwe, mwalimu Ngui.* Nane barabara.
Hajapata kufundisha hata kasuku,
lakini kufikia Ijumaa alikuwa anatembea na chaki,
na pale Hindi mzazi mmoja akamdai matokeo ya mwanawe.

Akaondoka. Sikuambiwa sababu; mbolea ilikuwa imepanda bei.

Akaja mama mmoja wa Pate, hataki kupunguzwa herufi:
Mhandisi Mwanamize binti Bwanamadi.
Kumi na nne, na mshororo mzima una kumi na sita.
Mbili zilizobaki nikaweka "huyu".
Ulikuwa mshororo mzuri kuliko yote niliyotunga mwaka ule,
ila Shekuwe hakuwa na pa kukaa.
Alisoma mara mbili akijitafuta,
kisha akageuza karatasi, akaangalia nyuma.

Mwanamize hakumaliza wiki.

Siku ya kuchapisha ikafika, mwenza hajapatikana.
Kijana wa kampeni akapiga hodi saa saba ya usiku:
"Andika tu, Ustadhi. Jina tutajaza wenyewe."
Pahala pa jina nikaweka lililonijia ulimini.
Wallahi sikukusudia. Hesabu mwenyewe:

*Shekuwe na nanihii, ukwapi pamwe utao,*
*Kazi yao ni bidii, mizani zi sawa zao.*

Hakuna aliyejaza.
Likachapishwa hivyo, likasomwa hivyo
Mkunguni, Mokowe, hadi Witu kwa kipaza sauti,
na umati ukaitikia, "Nanihii! Nanihii!"
kila mtu akimfikiria wake.
Wakashinda. Walishangaa wao kabla yetu.

Sasa tuna naibu. Nasikia ni shemeji.
Ana ofisi, ana bendera ndogo ya mezani,
ana askari wa getini anayemwuliza kila asubuhi,
"Nikusaidie?"

Jana usiku alikuja kwangu, peke yake.
Akaweka noti juu ya daftari,
akataka ubeti mmoja tu, mfupi,
wenye jina lake hasa, akamsomee mkewe.
Nikafungua kalamu. "Haya, litaje nihesabu."

Akafumbua mdomo,
akasita,
kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta ufunguo,
na mlango ni wake.