Gunia Moja, Debe Moja na Gorogoro

Bohari lilipofungwa na wapagazi kwenda zao
nilipanda mwenyewe juu ya mizani ya magunia,
mimi karani wa miaka kumi na tisa
niliyezoea kupima jasho la wengine.
Sindano ikasitasita, ikatulia:
gunia moja, debe moja na gorogoro.
Nikaandika hesabu kwenye risiti,
nikaitia mfukoni kama mtu aliyejiuza kwa mkopo.

Lakini haikuanzia hapo.
Ilianzia Jumamosi ya michezo shuleni,
mwalimu alipopuliza filimbi: "Wazazi! Mita mia!"
na Jebichii akanitazama kwa meno yake mapya yote mawili.
Nikatoa simu, nikaibandika sikioni,
"Halo? Naam? Hebu sema tena,"
huku najisogeza kuelekea vyooni
hadi mama mmoja, leso kiunoni, akashinda.
Njiani mtoto hakuuliza ni nani aliyepiga.
Alisema tu: "Baba, kioo kilikuwa cheusi."

Na jina langu ni Kibiwott.
Hapa Nakuru mtu akilisikia hutazama miguu kwanza,
kisha tumbo,
kisha hutazama pembeni, kwa adabu.

Nilinunua raba za mtumba, kisigino kimoja kimelika upande.
Muuzaji aliapa: "Hizi zina uzoefu.
Wewe zifuate tu."

Saa kumi na moja alfajiri. Menengai bado ni giza lililolala ubavu.
Nimechagua saa ya wezi na ya watu wa kesha
ili nisionekane nikipanda Milimani.
Hatua arobaini, pumzi inadai kodi.
Sitini, mbavu zimegoma.
Themanini, nimekumbatia nguzo ya stima
kama mlevi anayeiomba msamaha,
na vumbi letu lile, jepesi kama unga, limenijaa kooni.
Hapo ndipo mkokoteni uliponipita.
Si kwa kuteremka. Kwa kupanda!
Umesheheni kabichi, na mvutaji wake, Ekal,
anapiga mluzi.
"Pole, mzee."
Mzee! Nina arobaini na minne.

Siku ya pili sikwenda.
Ya tatu nilikuwa na mafua, ya kutunga.
Ya nne mke wangu hakusema kitu,
aliziweka raba mlangoni, ncha zikitazama nje.

Sijui nilianza lini hasa kuweza. Mwongo ndiye hupenda tarehe.
Najua tu kwamba mwezi wa mvua
nguzo ile ilinipita bila kunidai,
kwamba magoti yalilia kama bawaba za lango la zamani,
kwamba nilitapika uji wa wimbi kwenye ua wa watu
na mlinzi akaniletea maji kwa kikombe cha plastiki,
akarudi kibandani, hakutaka hata shukrani.
Na kwamba kuna mahali, kabla tu ya kona ya mikaratusi,
mwili huchoka kubishana.
Si raha, msije mkadanganywa.
Wapagazi wangu walilijua jambo hilo siku zote:
gunia hubebwa kwa pumzi, mgongo ni shahidi tu.
Walinieleza mara ngapi!
Mimi nilikuwa naandika namba.

Jana nilipanda tena mizani.
Gorogoro haipo.
Debe lipo. Gunia lipo, limekaa kitako kama mwenye shamba.
Sikuandika risiti.

Leo Ekal na kabichi zake wako mbele, hatua kumi.
Sijamfikia, wala leo sitamfikia,
ila mluzi wake nausikia wote, mwanzo hadi mwisho.
Manyunyu yameanza, vumbi limelala.
Mfukoni simu inalia.
Safari hii inalia kweli,
inanigonga paja kila hatua.

Ilie.