Mkao wa Maiti

Juu ya duka la sari, Barabara ya Belgrave,
ngazi kumi na saba, zulia limelika katikati
kama njia ya mbuzi.
Vua viatu, anasema Bi Hansa. Soksi pia.
Miguu ione inakanyaga wapi.

Miguu yangu haijaona kitu tangu Oktoba.

Usiku nageuza wazee vitandani,
ubavu huu, ubavu ule,
asubuhi naja hapa kujifunza kujigeuza mwenyewe.
Leicester yote naijua kwa saa hizo mbili:
giza la kwenda, giza la kurudi,
na katikati chai kwenye kikombe cha karatasi
isiyo na tangawizi wala haya.

Mama alipiga simu kutoka Tabora.
"Yaani umepanda ndege uende kulala sakafuni?
Sakafu si tulikuwa nayo hapa?"
Kuna cheti, mama.
"Cha kulala?"
Cha kufundisha.
Nikasikia anamgeukia Shangazi Nyamizi,
kisha kicheko cha watu wawili,
kisha salio likakata.

Chumba changu ni mkeka mmoja na nusu.
Nikinyoosha mkono wa kulia nagonga kabati,
nikinyoosha wa kushoto
jirani ananijibu kwa ngumi ukutani.
Basi nanyoosha kwa zamu.
Mita ya gesi inahesabu nami, pumzi kwa pumzi,
na yeye ndiye anayetangulia kumaliza.

Mlima: naweza, ni kusimama tu.
Mbwa: nilicheka, nani hulipa ada awe mbwa?
Mti: naanguka.
Mtoto:
magoti chini, paji la uso chini,
na hapo mwili ulinitangulia,
ulishafika kabla sijaambiwa,
ulikuwa ukija mahali hapa
tangu nina miaka saba, kabla jua halijatoka.
Nikainuka haraka
nikatazama kama kuna aliyeniona.

Lakini huu wa mwisho umenishinda.
Kulala chali, viganja juu, kutofanya kitu.
Wenzangu wanauita mapumziko;
Tilda wa benki hukoroma kabisa.
Kwetu maiti haigizwi.
Maiti huoshwa, hufunikwa, husemewa maneno yake.
Na Jumanne iliyopita, chumba namba tisa,
Bwana Pickering alilala hivi hivi,
viganja juu, dirisha wazi kidole kimoja,
na aliyemfumba macho ni mimi,
kisha nikajaza fomu,
kisha nikaja darasani, nikawa mti, nikaanguka.

Leo nimelala na macho yangu yamekodoka darini.
Doa la unyevu. Waya. Doa.
Taya limekaza kama mlango uliovimba mvua.
Nyayo za Bi Hansa zikaja, zikasimama,
magoti yake yakalia alipochuchumaa,
mkono wake mkavu juu ya kifua changu.

"Pumua, mama."

Sio kwa kile Kiingereza chake cha kukatia vitunguu.
"Pumua tu. Mimi mtu wa Lindi.
Nilikusikia kwenye ngazi, unagombana na simu."

Miezi minne! Miezi minne ananisahihisha nyonga
na lugha ameiweka kwapani
kama mtu aliyeficha andazi.

Akainama zaidi, wengine wasisikie.
"Duka la baba lilitazamana na sinema.
Nilitoka pale na miaka kumi na tisa na sanduku moja.
Lile jengo, lipo?"

Lindi sijafika.
Mimi ni wa bara; bahari nimeiona kwa dirisha la ndege,
tena upande wa pili ndio ulikuwa na dirisha.

Lipo, nikasema.

"Na ngazi zake za mbele?"

Zipo. Watoto wanakaa pale jioni.

Hakusema kitu.
Akavuta pumzi, ndefu,
nikaiona ikishuka mbavu kwa mbavu
hadi kule chini ya kitovu anakotuelekeza kila siku,
ambako mimi bado sijafika.