Noti Huna?

Bi Nyanzobe wa Isevya, muuza asali,
ukimpa sarafu nne za mia tano
anazigeuza mojamoja, anauliza:
"Noti huna?"

Thamani ni ile ile, namwambia.
"Kuhesabu najua," anajibu,
anazidondosha kwenye kopo la maziwa
kwa mlio ambao soko zima linasikia.

Ndilo kosa la sarafu: haijui siri.
Jumapili, kikapu cha sadaka kikipita,
noti hushuka kimya hata ikiwa chakavu;
sarafu hutangaza jina la aliyeitoa.
Na kwenye harusi ya Kalunde
nani alithubutu kumtunza bibi harusi kwa chuma?
Chuma hakishiki kwenye jasho la paji.

Noti hukunjwa pindoni mwa kanga,
hulala na mtu, hushika joto lake.
Sarafu hutoboa mfuko.
Kelele zote zile, lakini
siku ya kutoroka haikohoi.

Mwaka juzi mchwa waliingia sandukuni mwake,
wakala akiba ya msimu mzima,
noti kwa noti, mpaka ile ya elfu kumi
aliyoificha hata mumewe asiijue.
Wakaacha udongo mwekundu
na sarafu saba,
hazina hata alama ya jino.

Nikadhani amejifunza.

Leo nimempa tena sarafu nne.
Amezitazama
kama unavyomtazama mtu
aliyekukuta unalia.
"Noti huna?"