Nyumba ya Saba

Darasani Kizota maelekezo yalikuwa mepesi:
anzia ofisi ya kijiji, shika mkono wa kulia,
hesabu, ingia nyumba ya saba,
toka, hesabu tena.
Usiichague nyumba kwa sababu ina kivuli.
Usiiruke kwa sababu ina mbwa.

Hawakusema lolote kuhusu upepo wa Agosti
unaolizoa vumbi la Bahi
na kulimwaga juu ya kishikwambi,
nikabonyeza Ndiyo
kioo kikasoma Hapana,
nikafuta kwa khanga, nikaanza upya.

Swali lenyewe dogo:
mnada uhamie kwenye lami, au ubaki ulipo?
Ndiyo. Hapana. Sijaamua. Amekataa kujibu.
Vyumba vinne, kata nzima ilale humo.

Nyumba ya saba, Mzee Malogo alitaka kwanza kujua
mimi ni mtoto wa nani.
Ya kumi na nne walinipa ugali wa uwele na mlenda,
kisha wakanijibu walichodhani nakitaka.
Ishirini na moja: kufuli.
Ishirini na nane, kijana anapepeta alizeti:
"Wengine wamesemaje?"
Siruhusiwi kusema.
"Basi na mimi ngoja wengine waseme."
Nikambonyezea Sijaamua,
ingawa siku ile sikuona mtu aliyeamua kama yeye.

Thelathini na tano.
Jedwali lilimchagua mke, halikumchagua mume:
Sechelela, miaka arobaini na mmoja.
Mume akavuta kigoda, akaketi katikati yetu.
"Andika Ndiyo. Nyumba hii ina mdomo mmoja."
Baba, nikasema kwa adabu, jina lako halikutoka.
Akacheka. "Haya, muulize."

Nikamuuliza.
Mikono yake ilikuwa ndani ya unga.
"Kama alivyosema," akasema,
na nyuma ya mgongo wa mumewe
kidole cha shahada, cheupe,
kikaenda kushoto, kikaenda kulia,
polepole,
kama mtu anayefuta ubao.

Kwa nini, sikuuliza; fomu haikuwa na kwa nini.
Ila nilipotoka niliona kando ya mlango wa bati wa bluu
madumu ya togwa, matano,
na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele.

Mwongozo, ukurasa wa tisa: rekodi jibu lililotamkwa.
Aliyeuandika hakuuwazia unga.
Nilisimama juani, chaji asilimia kumi na moja,
kishikwambi kikiniuliza: Endelea? Endelea?
Nikabonyeza.
Sisemi nilibonyeza nini.

Wiki ya pili, redioni:
Ndiyo arobaini na nane, Hapana arobaini na saba,
waliosalia hawajaamua,
na kosa linaloweza kutokea ni asilimia tatu, juu au chini.
Mtangazaji alilimeza neno kosa
kama kidonge bila maji, akaweka muziki.
Mimi nilikuwa Chang'ombe, napiga pasi sare za watoto,
nikasimamisha pasi hewani.
Kosa lile nilijua linapokaa.
Nilijua rangi ya mlango wake.

Siku ya kura Ndiyo ilishinda kwa kura kumi na moja.
Msimamizi alipiga simu usiku: "Tumepatia!"
Tumepatia, nikasema.
Kola ya shati ilikuwa na alama ya pasi, kahawia,
haikutoka hata kwa limau.

Mwezi wa kumi na mbili nilishuka kwenye basi pale lami,
siku ya mnada, mbuzi wakilia, vumbi lilelile.
Madumu matano yamepangwa.
Baiskeli imeegemea nguzo, gurudumu la mbele jipya,
bado lina nailoni ya dukani.
Alinitazama kwa muda.
"Leo umekuja kuuliza nini?"
Bei, nikasema.

Akainua kidole kimoja.
Nikangoja nione kinaelekea wapi.