Tangazo la Maneno Sita

Ubao wa kliniki yetu, Lugo, mkabala na ukuta wa Warumi,
ulisema kwa miaka kumi na minne:
TABASAMU LAKO NDIYO KAZI YETU.
Juu yake mwanamke wa picha, meno thelathini na mawili,
meupe kama sahani za mgeni asiyekuja.
Ilipofika Machi mji mzima ukafunika uso,
akabaki yeye peke yake
anacheka na mvua.

Daktari Iria alizikusanya barakoa zetu,
boksi sita na nusu,
akazipeleka hospitali kwa gari lake.
Ile nusu aliihesabu mara mbili.
Aliporudi akaniambia, "Uxía, zima kompresa."
Nikaizima. Ndipo nikasikia
jinsi ile mashine ilivyokuwa ikitufichia kimya.

Wiki ya tano akapiga simu Breixo wa Coruña,
kijana wa masoko, sauti yake imeoga.
"Biashara ni matangazo," akasema,
"na dhiki ni mlango. Watu wamefungiwa na vioo vyao.
Wauzie weupe. Punguzo asilimia thelathini.
Andikeni: *Siku ya kuvua barakoa, uwe tayari.*"
Lilikuwa wazo zuri.
Hilo ndilo lililoniudhi.

Nililiandika. Nilikuwa na kodi ya Aprili kooni.
Niliandika kwa mwandiko wangu wa harusi,
na chini ya dirisha gari la wagonjwa likapita
bila king'ora, barabara ikiwa tupu kiasi hicho.
Daktari akasoma, akavua miwani.
"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Na kilichofungiwa ndani, Uxía?"
Sikuwa na jibu. Akavuta droo ya kadi.

Tukaanza na A.
Amadeo Abelleira: mzizi tuliouacha nusu, Februari.
Kiziba kimedondoka, anaziba kwa nta ya mshumaa,
anauliza kama nta nyekundu ni sumu.
Mwalimu Balbina: haumwi popote,
lakini tusikate simu kwanza.
Kisha Casto, meno ya bandia, juu na chini.
Akapokea mkewe, Dona Erundina.

"Alipelekwa usiku, akayasahau.
Wamenirudishia saa na kandambili.
Meno bado yako kwenye glasi, kando ya kitanda.
Niendelee kubadilisha maji, daktari?"

Wahenga wanasema jino la pembe si dawa ya pengo.
Sisi tumekula mkate wetu
kwa kuwabishia wahenga.
Siku ile hatukubisha.
Iria akaushika mkono wa simu kwa mikono miwili.
"Badilisha," akasema. "Wewe badilisha tu."

Hatukufika kwenye D.

Jioni nikachukua bahasha ya picha za eksirei,
nikaipasua, upande mweupe nikaandika:

*Tupo. Ukiumwa, piga simu. Usiku pia.*

Nikaibandika ndani ya kioo, imepinda kidogo.
Saa mbili watu wakatoka vibarazani kupiga makofi.
Hayakuwa yetu, lakini tulisimama.

Nisijifanye mtakatifu:
Juni tulilitumia lile la punguzo,
likaleta watu, nikalipa kodi.
Lakini wa kwanza aliletwa na bahasha,
mpeleka mikate, shavu limevimba kama boflo,
alama ya unga kwenye paji.
Alikaa kitini, akaegemea nyuma,
akashika kamba ya barakoa, akasita.
"Samahani," akatuambia,
kama mtu anayetaka kuvua nguo mbele ya wageni.

Iria alikuwa amevaa koti la mvua la mumewe,
na ngao ya plastiki niliyoikata
kutoka jalada la faili.
Pumzi yake iliipiga ukungu, ikaondoka, ikarudi.
Akawasha taa.

"Fungua," akasema.