Chora Saa

Daktari, kijana wa juzi mwenye kalamu tatu mfukoni,
alimpa baba karatasi nyeupe:
Mzee, chora uso wa saa. Utie nambari zote.
Kisha mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi.

Baba akavuta kiti kama alivyokivuta miaka thelathini na mmoja
kule gatini, Kilindini,
Nyamawi wa Mwachiro, karani wa hesabu,
aliyepokea shehena kwa jicho na kuitoa kwa ulimi:
magunia, marobota, mapipa, baadaye makontena,
herufi nne na tarakimu saba, asirudie,
asiandike mpaka meli iwe tupu.
Wenzake walimwita Daftari.

Alichora duara zuri. Nikashusha pumzi.
Akaandika moja, mbili, tatu, zikabanana upande mmoja
kama watu waliokimbilia mvua kwenye kibaraza cha jirani.
Kumi na mbili ikaja, akaipita.
Kumi na tatu. Kumi na nne.
Akatoka nje ya duara, akafika ukingoni mwa karatasi,
akaomba nyingine.

Mshale mfupi akauelekeza kwenye tano.
Daktari akatia alama ya mkato. Nikataka kumwambia,
hapo usimkate, hapo ni lugha,
saa yetu husomwa upande wa pili.
Sikusema. Ningekuwa natetea mlango
wa nyumba isiyo na paa.

Asubuhi umekula nini, mzee?
Mahamri na mbaazi. Kadzo amepika.
Alijibu bila kusita, kwa adabu, kama anayesoma risiti.
Kadzo, mama yangu, tulimzika Rabai, huu mwaka wa sita.
Asubuhi ile alikunywa chai ya rangi, mkate akausukuma.
Si uongo, daktari akasema. Akili ikikuta shimo
hulifukia kwa mchanga wowote ulio karibu.

Kisha akanigeukia mimi: anakunywa kiasi gani?

Nilitazama feni.
Nyuma ya nyumba yetu, Chaani, kuna mangwe ya Mama Umazi.
Husemwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Wetu hakusifiwa na mtu, wala maji hakulitia.
Mboko ya kwanza saa mbili asubuhi, mrija mdomoni,
ya pili kabla ya adhuhuri,
na jioni kichupa cha dukani,
maana mnazi peke yake, alisema, hauna tena neno.

Na mlipaji nilikuwa mimi.
Kila Ijumaa, kwa simu, kwa Mama Umazi:
ya mzee, asije akadai.
Baada ya matanga alikuwa halali,
anazunguka uani akiita jina moja mpaka kukuche,
nami nina zamu ya alfajiri kiwanda cha nguo.
Akinywa, ananyamaza.
Kunyamaza kule nikakuita kupona.
Mtu wa miaka sabini na mmoja, nilisema, aachiwe raha yake.

Mboko mbili, nikamwambia daktari.
Kalamu ikangoja.
Nikamwambia zilizobaki.

Akaandika sindano za vitamini. Akaandika kulazwa,
pombe haiachwi ghafla nyumbani kwa umri huu.
Kilichofutika, alisema, huenda kisirudi.
Kilichobaki tunaweza kukisimamisha.
Huenda.

Sasa mwezi wa nne. Mama Umazi hunipita sokoni bila salamu.
Baba anatembea vizuri zaidi, miguu imeacha kupanuka kama ya mtu melini.
Siku nyingine jina langu humjia.
Siku nyingine mimi ni dada yake Mbeyu,
au karani wa zamu aliyechelewa, na ananikaripia.

Jana nilikuwa naanika nguo. Yeye kwenye stuli,
anahesabu vibanio kwa sauti ile ya zamani, ya gatini.
Kumi na moja, akasimama.
Nikamwona akitafuta, macho yakipapasa kamba.
Vimebaki vingapi melini? akauliza.
Nikachungulia beseni.
Vitatu, nikasema.
Akaviandika hewani, kwa kidole,
kimoja kimoja.