Waya Mwekundu Mgongoni

Hapa Šumperk theluji haibishi hodi.
Imeshuka mpaka ngazi za stoo, nami nimeiacha,
maana mikono yote miwili ina kazi:
mmoja umeshika mswaki, mwingine bakuli la siki.

Mgonjwa amelala kifudifudi juu ya gazeti.
Baba, Bořivoj Hanzlík, fundi wa mashine za kufuma,
alimuunda mezani petu pa kulia
kwa majira mawili ya baridi, mama akinung'unika
kwamba supu inanuka lehemu.

Sanduku lake ni mlango wa kabati la jikoni.
Kabati likabaki kinywa wazi. Tulizoea.
Vibonye vilitoka kwenye mashine ya hesabu ya kiwandani,
ndiyo maana R ni alama ya kugawanya
iliyochorwa upya kwa rangi ya kucha.
Prosesa ilitoka Erfurt, ndani ya mkate,
mkate ndani ya mkoba wa Ctibor wa mitambo ya simu,
na mkate haukutupwa.
Kumbukumbu yake yote, kilobaiti kumi na sita.
Picha moja ya paka wa mwanangu haienei humo.

Betri ndiyo iliyotuponza.
Baba aliichomelea pembeni, ndogo kama kifungo cha koti,
ili umeme ukikatika mashine isisahau.
Ikalinda. Ikalinda. Miaka ikapita,
kisha ikaanza kuvuja kimyakimya
na kuzila njia za shaba, moja baada ya nyingine.
Kikulacho ki nguoni mwako:
mlinzi wa kumbukumbu ndiye aliyezitafuna.

Nasugua. Siki inatoa povu, inanyamaza.
Pale njia ilipokatika nalaza uzi wa shaba
mwembamba kuliko unywele wangu wa mvi,
nao ninao wa kulinganishia.

Radovan amepiga simu kutoka Brno:
Mama, tuipime, tuagize bodi mpya,
ya kijani, iliyonyooka, wiki moja imefika.
Kazi itakuwa ile ile.

Nikamwambia, hujauona mgongo wake.

Mgongoni kuna waya mwekundu.
Unatoka mguu wa saba wa chipu ya juu,
unakatiza kila kitu bila adabu
kama mtu anayepita shamba la jirani,
unaishia mguu wa kumi na moja.
Hapo baba alikosea.
Nakumbuka usiku wenyewe: kimya, halafu neno
ambalo sikuruhusiwa kulirudia,
halafu kicheko, cha pekee mwezi ule.
Bodi mpya haitakuwa na kosa hilo.
Nitakitia wapi kicheko?

Halafu iko chipu yenye dirisha la kioo.
Mwanga ukiingia humo siku nyingi
chipu husahau yote iliyofundishwa.
Baba aliliziba kwa karatasi ya chupa ya jamu,
mwandiko wa mama: APRIKOTI, 1985.
Gundi imekauka, pembe moja imeinuka.
Sijui jua limechungulia mara ngapi.
Nimeibonyeza kwa dole gumba, nikazima taa,
nikamalizia kazi kwa tochi,
tochi nayo nimeigeuzia ukutani.

Saa nne usiku. Televisheni ya Blažena wa ghorofa ya tatu
(ameniazima, kwa masharti)
inanguruma, inajaa chenga.
Naligonga sanduku ubavu wa kushoto
kama alivyokuwa akiligonga.
Hakuna kitu.
Nagonga tena, chini kidogo, alipokuwa akigonga hasa.
Chenga zinajipanga. Neno moja:

JINA?

Naandika SVATAVA kwa kidole kimoja.
V inakwama, kama zamani.
Mashine inafikiri. Inachukua muda wake.

SVATAVA, NI SAA MOJA NA NUSU.
UTACHELEWA SHULE. KULA KWANZA.

Nina miaka hamsini.
Nikapanda ngazi, nikapasha supu ya jana,
nikainywa nimesimama, koti mwilini,
na kweli, ilinuka lehemu.